Kusikitika na Kuomba Radhi

Mazungumzo yetu ya leo yahusu maneno machache ya Kiingereza ambayo wanafunzi huyajifunza mapema na kuyaelewa wakiwa wamechelewa. Nayo ni maneno ya sifa watumiayo wasemao Kiingereza wanapotaka kusikitika au kuomba radhi.

Na tuanze na mfano wa hapa kwetu. Mama wa Kikisi anashusha vyungu vyake mtumbwini katika soko la Lyulilo, karibu na Matema. Chungu kimoja champonyoka, chavunjika. Mgeni aliyesimama mbali asema, "I am sorry." Mtoto wa shule asikiapo hayo humnong'oneza, "Mama, mgeni amekiri kosa, na alipe!" Lakini mgeni hakukiri lolote. Amesema tu, "Pole, mama." Sasa tuseme mgeni yule yule ajikwaa na kuangusha chungu cha pili, akasema tena, "I am sorry." Maneno ni yale yale, ila mara hii maana yake ni, "Nisamehe, mama. Nimekuvunjia chungu chako."

Sababu yake ni hii. "Sorry" ni neno la sifa. Asili yake ni neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya mtu mwenye maumivu, nalo ni ndugu wa "sore", ambalo hutumika kwa mahali panapouma mwilini. Basi asemaye "sorry" aeleza hali ya moyo wake: moyo wauma. Hasemi ni nani aliyetenda, wala hamwombi mtu kitu. Sisi katika Kiswahili tuna milango miwili. Kwa msiba usiotokana nasi twasema "pole". Kwa kosa letu twasema "nisamehe" au "niwie radhi". Na hayo ni maneno ya kitendo, humwita aliyekosewa ajibu.

Yako na mengine ya namna hiyo. Karani wa bandari ya Itungi akimwambia msafiri, "I am afraid the boat has left," msafiri asidhani kwamba karani ameingiwa na hofu. "Afraid" maana yake ni mwenye kuogopa, lakini hapo hulainisha tu habari mbaya: meli imekwisha kuondoka. Tena yafaa kutenga "regretful" na "regrettable". La kwanza ni sifa ya mtu, yaani mwenye majuto. La pili ni sifa ya jambo, yaani la kusikitisha. Mkipata barua isemayo kwamba kuchelewa kwa fedha zenu ni "regrettable", itazameni vema: jambo limesikitikiwa, wala hapana mtu aliyesema, "Mimi nimelichelewesha." Bali "ashamed", mwenye kuona haya, na "guilty", mwenye hatia, huja karibu zaidi na kukiri.

Mambo haya si ya sokoni tu. Tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles wa Uingereza alihutubia karamu ya taifa mjini Nairobi. Alisema kwamba maovu ya zamani ni sababu ya huzuni iliyo kubwa kabisa na majuto yaliyo ya kina kabisa. Sifa hizo mbili zilipandishwa hadi kilele, lakini ombi la msamaha halikutamkwa, na Wakenya wengi walilingojea. Siku ya pili yake, tarehe 1 Novemba, Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, mashariki ya Ziwa Nyasa, mahali wanapokumbukwa waliouawa katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Yeye alisema kwamba anaona haya, kisha akaomba msamaha kwa waliyoyatenda Wajerumani. Watu wa Songea waweza kulijibu ombi hilo wapendavyo, kwa kulikubali, kulikataa, au kudai fidia. Lakini angalau wameombwa.

Wazee wa Kinyakyusa walilijua jambo hili zamani. Godfrey Wilson na mkewe Monica walichunguza mila za nchi hii kati ya 1934 na 1938. Monica aliandika baadaye kwamba Wanyakyusa waliiona hasira iliyofichwa moyoni kuwa ya hatari kubwa. Ndugu waliogombana hawakupatana kwa kuonyesha uso wa huzuni tu. Iliwapasa kulitoa neno lenyewe kwa kinywa, mbele ya wenzao.

Basi, wanafunzi wetu, msiwadharau wasemao Kiingereza kwa desturi yao, maana moyo unaouma ni jambo jema. Ila mwandikapo barua ya kuomba radhi kwa lugha hiyo, msiishie kwenye "sorry". Ongezeni kitendo: nilivunja, nilichelewa, nilisema uongo, kisha ombeni. Na msomapo barua ya mwingine, hata ikiwa na muhuri wa serikali, hesabuni sifa zilizomo, kisha mtafute kitendo na mtendaji wake. Msipowaona, jueni kwamba mmepewa pole. Radhi bado hamjaombwa.