Picha Kabla ya Kisu: Ekografia ya Uvimbe wa Ngozi na Tishu Laini kwa Wagonjwa wa Lupasi

Mada ya semina ya wahudumu wa afya, Bunia, Ituri

1. Ugonjwa na mahali unapojificha

Lupasi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Kati ya wagonjwa kumi, tisa hivi ni wanawake, wengi wao wa umri wa kuzaa, na watu wenye asili ya Afrika huupata kwa ukali zaidi. Figo, viungo na damu ndivyo hutajwa kwanza, lakini ngozi na mafuta yaliyo chini yake navyo hushambuliwa. Uvimbe ukishuka hadi kwenye mafuta huitwa panikulitisi ya lupasi. Moriz Kaposi wa Vienna aliueleza mwaka 1883. Huwapata asilimia 1 hadi 3 ya wenye lupasi ya ngozi. Hutokeza vinundu vigumu vyenye maumivu usoni, mabegani, mikononi sehemu ya juu, matitini, makalioni na mapajani, na vikipona huacha mabonde.

Makalio na mikono ndipo pia sindano hudungwa. Mwanamke akifika kituo cha afya na uvimbe mgumu kalioni, siku chache baada ya kuchomwa sindano, wazo la kwanza huwa jipu, na kisu hutafutwa. Kama uvimbe ni wa lupasi, usaha haupatikani, na mkato wenyewe unaweza kuuchochea ugonjwa na kuacha kidonda kisichofunga upesi. Kosa la upande wa pili ni hatari zaidi. Mgonjwa anayejulikana kuwa na lupasi na anayemeza prednizoloni anaweza kubeba usaha bila homa kubwa, kwa kuwa dawa hiyo hufunika dalili. Akiongezewa dozi kwa kudhaniwa kuwa ugonjwa umeamka, maambukizi husambaa. Kazi ya picha ni kuyatenganisha mambo haya mawili kabla ya kisu na kabla ya dozi.

2. Kifaa na namna ya kukishika

Ekografia ndiyo picha iliyo karibu zaidi na mgonjwa wa Ituri. Haina mionzi, hivyo mjamzito hupimwa bila hofu, na inaweza kurudiwa kila inapohitajika. Sharti ni sonda inayofaa. Sonda iliyopinda ya kuangalia mimba, ya megahezi 3 hadi 5, hupenya mbali lakini haionyeshi vizuri kilicho juu. Ngozi ina unene wa milimita 1 hadi 4 tu. Kuiona vizuri kunahitaji sonda iliyonyooka ya megahezi 10 au zaidi.

Jeli huwekwa nene, na sonda huegeshwa bila kukandamiza, kwa sababu shinikizo dogo hufunga mishipa midogo na kuizima rangi ya dopla inayoonyesha mwendo wa damu. Dopla hurekebishwa ili ione damu iendayo polepole. Kisha mahali palepale pa upande wa pili wa mwili hupimwa, maana mafuta ya kila mtu yana sura yake na upande mzima ndio kipimo cha ulioathirika. Dopla ina faida ya pekee kwa ngozi nyeusi: wekundu wa uvimbe hugeuka kahawia iliyokolea au zambarau na kupita bila kutambuliwa, lakini damu iliyoongezeka huonekana kwenye kioo.

3. Kinachoonekana

Kwenye ngozi yenye lupasi hai, tabaka la ndani hunenepa na kuwa jeusi kuliko kawaida, na damu huongezeka. Panikulitisi ikiwa hai, vijisehemu vya mafuta hung'aa, mipaka yake hufifia, na kuta zinazovitenga huwa nyeusi. Baadaye mafuta hupungua, na chembe za chokaa hujitokeza kama alama nyeupe zenye kivuli nyuma yake. Chokaa hiyo huonekana pia kwenye picha ya radio (eksirei). Titini, panikulitisi inaweza kufanana na saratani, hivyo huko biopsia haiepukiki.

Jipu ni shimo lenye majimaji mazito yanayocheza likibonyezwa taratibu. Damu huzunguka ukingoni, katikati hamna. Usaha wa ndani ya msuli, ambao ni wa kawaida katika nchi za joto, hukaa chini ya utando wa msuli, hasa pajani. Majimaji yakitambaa juu ya utando huo pamoja na viputo vya hewa, na mgonjwa akiwa na maumivu makali kupita sura ya ngozi, hiyo ni dharura ya upasuaji. Picha nyingine yoyote isimcheleweshe.

Ituri ina vinundu vyake pia. Ugonjwa wa usubi (onkoserkosi) upo katika maeneo kama Logo, wilaya ya Mahagi, na ndani ya kinundu chake ekografia inaweza kuonyesha minyoo ikijinyonganyonga. Hakuna kinundu cha lupasi kinachofanya hivyo.

4. Mipaka ya picha

Ekografia huonyesha tabaka, majimaji na damu; haitaji jina la ugonjwa. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 2019 vya kuainisha lupasi huanza na kipimo cha kingamwili dhidi ya viini vya seli, kwa kiwango cha 1:80 au zaidi, kisha dalili hupewa alama hadi kufikia 10. Hapo sonda husaidia tena: majimaji kando ya mapafu au moyo hupewa alama 5, mradi kifua kikuu kimechunguzwa na kuondolewa. Kijiti cha mkojo kinachoonyesha protini hufungua mlango wa uchunguzi wa figo.

IRM (picha ya sumaku) huonyesha vizuri zaidi uvimbe wa misuli na utando, pamoja na kichwa cha paja kinachokufa kwa lupasi au prednizoloni wakati radio bado ni safi. Kwa Bunia hii mara nyingi humaanisha safari ndefu, kama ile ya kupitia Mahagi na Goli hadi Kampala, hivyo iombwe pale tu jibu lake litakapobadilisha matibabu. Dawa ya gadolini, inayodungwa ili kuboresha picha ya IRM, isitumike bila kujua hali ya figo.

5. Ripoti na ufuatiliaji

Ripoti itaje mahali, tabaka, vipimo vitatu kwa milimita, majimaji, damu na chokaa, na ilinganishe na upande mzima. Penye majimaji, sindano hutangulia kisu na kinachovutwa hupelekwa maabara. Pasipo majimaji, upasuaji husubiri, mkojo na damu hupimwa, na biopsia hupangwa mahali penye daktari wa kuisoma. Hidroksiklorokini, dawa ya lupasi, huchukua wiki hadi miezi kufanya kazi, kwa hiyo ekografia ya marudio hufaa baada ya miezi miwili au mitatu: rangi ya dopla ikipungua, uvimbe unatulia, hata kama bonde kwenye ngozi limebaki.