Kamongo na Kiota Chake: Maneno kwa Wavuvi wa Homa Bay na Migori



Katika samaki wanaovuliwa Ziwa Victoria, tangu Ghuba ya Winam iliyo mbele ya mji wa Homa Bay mpaka Karungu na Muhuru upande wa Migori, hapana wa ajabu kama kamongo. Huyu ni samaki wa chini. Hukaa juu ya tope, penye matete na mafunjo, wala hana haraka. Mwili wake ni mrefu kama wa nyoka, mapezi yake ya ubavuni ni membamba kama nyuzi, na akikua sana aweza kufika urefu wa meta 2 na uzito wa kilo 17.

Samaki wengi huvuta pumzi majini kwa matamvua yao. Matamvua ya kamongo ni madogo, hayamtoshi. Lakini amejaliwa mapafu. Sehemu kubwa ya pumzi yake huipata kwa kupanda juu na kumeza hewa. Akinaswa chini asiweze kupanda, hufa maji kama afavyo mtu. Kwa sababu ya mapafu hayo aweza kuishi katika maji mazito ya kinamasi ambayo sangara hayawezi. Tena kinamasi kikikauka, aweza kujichimbia topeni, akajikunja, akangoja mvua miezi mingi.

Ukoo wake ni wa kale mno: mifupa ya samaki wa jamii hii iliyogeuka mawe ina umri wa miaka ipatayo milioni 400. Mtaalamu wa figo wa Marekani, Homer W. Smith, alimchunguza samaki huyu, na mwaka 1932 akatoa kitabu alichokiita kwa jina lile lile watumialo Wajaluo: Kamongo.

Chakula chake akiwa mdogo ni wadudu wa majini; akiwa mkubwa hula hasa konokono, ambao huwaponda kwa meno yake yenye nguvu. Yafaa ikumbukwe kwamba wako konokono wa ziwani wanaoeneza ugonjwa wa kichocho. Basi kamongo wakipungua, adui mmoja wa konokono amepungua.

Sasa ni habari ya uzazi wake, na hapa ndipo penye neno lenyewe. Mvua zinyeshapo, dume hutengeneza kiota ndani ya kinamasi, katikati ya mafunjo. Jike hutaga mayai, kisha huenda zake. Dume hubaki kuyalinda, na watoto wakiangua huwalinda pia, kwa majuma kadhaa. Watoto hao huwa na matamvua yaliyotokeza nje mfano wa vinyoya, na bado ni dhaifu. Wakati huo baba yao ni mkali, huuma kila kinachomkaribia. Lakini hakimbii, na kwa hiyo ni rahisi kumwua. Avuliwapo kiotani, hafi peke yake: watoto wote hubaki bila mlinzi.

Katika Ghuba ya Mwanza, nchini Tanzania, wachunguzi waliona kamongo wamepungua sana baada ya miaka ya 1970. Katika sababu walizozitaja, mbili zamhusu kila mtu: vinamasi kugeuzwa mashamba, na madume kuvuliwa viotani.

Ni kweli kwamba mkulima wa Nyatike, karibu na mdomo wa Mto Kuja, ataka ardhi yenye rutuba, na mvuvi ana watoto wanaongoja chakula leo. Hakuna awezaye kuwalaumu kwa hayo. Lakini mkulima aweza kuacha ukanda wa mafunjo kando ya maji, usilimwe wala usichomwe moto. Nao utamzuilia udongo wake usichukuliwe na mafuriko. Naye mvuvi aweza kutega ndoana zake mahali palipo wazi, akaviacha viota wakati wa mvua. Wahenga walisema: Akiba haiozi. Dume aliyeachwa msimu mmoja amalize ulezi wake aweza kuvuliwa baadaye, na watoto wake watakuwa wamekwisha kuingia ziwani.