Elimu ya Uzazi Shuleni: Sheria Imebadilika, Mzazi Ana Sehemu Yake

Maelezo kwa wazazi na walimu wa Taru



Zamani msichana wa Pwani akivunja ungo hakuachwa abahatishe. Alikuwa na nyanya yake au somo wa kumfunza. Siku hizi kazi hiyo imesukumiwa mwalimu, naye mwalimu huongozwa na sheria, ambayo imekuwa ikibadilika.

Tangu 1994, sera ya serikali inamruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni. Mwongozo wa 2020 ulieleza namna ya kumpokea. Sheria ya 2006 kuhusu Ukimwi iliagiza somo hilo lifundishwe shuleni. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, ikataja afya ya uzazi kuwa haki. Mwaka wa 2017, Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa: serikali impe sodo bila malipo kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma, na pawe na njia salama ya kuzitupa.

Kisha ikaja Sheria ya Watoto ya 2022. Hiyo inasema huduma za afya ya uzazi kwa mtoto zitolewe kwa idhini ya mzazi au mlezi. Wengi wameielewa vibaya. Idhini inahusu huduma. Haimaanishi kwamba mwalimu anyamaze darasani, wala kwamba mzazi anyamaze nyumbani. Kinyume chake, sheria imemwongezea mzazi kazi. Mtoto anayeogopa kumweleza mamake au babake ataombaje idhini? Mzazi asiyezungumza naye atajuaje kwamba inahitajika?

Kimya hicho kina gharama. Taru ni nchi kame, na barabara kuu ya Mombasa na Nairobi inapita papa hapa. Msichana anayetembea mbali kutafuta maji, aliyekosa sodo na asiye na wa kumuuliza, ni rahisi kudanganywa na mwenye lifti au noti ya shilingi mia mbili.

Likitokea la kutokea, lisimalizwe nyumbani. Chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, kulala na mtoto aliye chini ya miaka 18 ni unajisi, na kifungo huanzia miaka 15 hadi maisha, kulingana na umri wa mtoto. Mbuzi hafuti kosa hilo, wala ahadi ya ndoa. Mtoto apelekwe hospitalini haraka, kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Asioge kwanza, na nguo zake zisifuliwe, kwani ni ushahidi. Polisi waarifiwe. Simu ya watoto ni 116, bila malipo.

Na katika kila mkutano wa shule, mzazi aulize mambo matatu. Sodo zimefika, na zimewafikia wasichana wangapi? Choo cha wasichana kina maji na mahali pa kutupia? Ni mwalimu gani mtoto anaweza kumwendea akiwa na shida? Wavulana nao wafundishwe. Jambo hili si la wasichana peke yao.

Mkono mmoja haulei mwana. Sheria ni mkono mmoja, shule ni wa pili, na nyumba haiwezi kukosekana.