Mayai Yaliyo Nje ya Kiota



Tukishuka kutoka Bomet kupitia Mulot kuelekea Narok, mashamba ya chai hubaki nyuma yetu, na mbele huonekana uwanda wa nyasi. Huko ndiko aliko mbuni, ndege mkubwa kuliko wote duniani. Hawezi kuruka, lakini kwa miguu yake yenye vidole viwili viwili hukimbia hadi kilomita 70 kwa saa.

Wengi wetu humcheka. Twasema huficha kichwa mchangani, na kumbe hulaza shingo chini tu ili adui asimwone. Tena twasoma katika Ayubu 39 habari za mayai yanayoachwa ardhini. Mayai hayo yapo. Natuangalie jinsi yalivyofika hapo.

Miaka ya 1970 mtaalamu Brian Bertram alichunguza viota vya mbuni katika mbuga ya Tsavo Magharibi. Aliona majike kadhaa wakitaga katika kiota kimoja, lakini mmoja tu ndiye huatamia, pamoja na dume. Jike, mwenye rangi ya udongo, hulalia mchana. Jioni dume mweusi hushika zamu mpaka asubuhi. Hufanya hivyo kwa majuma sita hivi. Wanaweza kufunika mayai kama 20. Jike huyatambua yaliyo yake, huyaweka katikati, na yanayozidi huyasukuma nje, nayo hayaanguliwi. Hata hivyo, mengine ya wenzake hubaki chini yake, yakapata joto lile lile.

Sisi nasi tuliletewa mtoto wa ndugu yetu aliyefariki. Usiku tulikaa jikoni tukihesabu: mahindi yaliyobaki, karo, na bonasi ya chai tuliyokwisha kuikopea. Tukasema, "Nyumba imejaa." Asubuhi tulimkuta mtoto ameketi mlangoni, nguo zake amezifunga furushi. Alikuwa amesikia kila neno.

Tuliona haya, wapendwa. Mbuni husukuma nje yale asiyoweza kuyafunika. Sisi tulikuwa hatujafika hapo, tuliogopa tu. Tukalifungua furushi lile kwa mikono yetu, na baba wa nyumba akawa ndiye wa kuamka usiku mtoto alipolia.

Je, nyumbani kwako au kwa jirani, yuko nani aliye nje ya kiota?

Tuombe. Ee Bwana, tuonyeshe nafasi ambayo hofu yetu imetuficha. Amina.