Uchotara wa Spishi na Ukinzani wa Muhogo: Mada kwa Wakulima na Maafisa Ugani, Nyansurura

1. Utangulizi

Spishi mbili za mimea zikizaliana, mara nyingi chotara wao huwa dhaifu au tasa. Lakini akiweza kuzaa na kurudishwa kwa mzazi mmoja kizazi baada ya kizazi, huingiza katika ukoo huo vinasaba vichache vya mgeni. Mazingira ndiyo yanayochuja: vyenye faida hubaki, vyenye hasara hupukutika. Alizeti pori wa Texas, Marekani, aliyazoea mazingira ya huko kwa kupata vinasaba vya spishi jirani. Kwetu, mfano ulio karibu zaidi ni muhogo.

2. Kilichofanyika Amani

Muhogo ulitoka Amerika Kusini, na huku ukakutana na virusi ambavyo ukoo wake haukuwahi kuvijua. Ugonjwa wa virusi wa batobato uliripotiwa Usambara mwaka 1894; ule wa michirizi kahawia ukaelezwa na H. H. Storey mwaka 1936. Storey, akiwa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, hakupata ukinzani wa kutosha ndani ya muhogo wenyewe. Akaugeukia mti wa mpira, Manihot glaziovii, ule ambao majani yake tunayala kama kisamvu cha mpira.

Chotara wa kwanza walistahimili virusi, lakini mizizi yao haikufaa kuliwa. Mtafiti mwenzake R. F. W. Nichols, na baadaye D. L. Jennings, wakawarudisha kwa muhogo hadi mara tatu, kila mara wakiondoa wagonjwa na wasiozaa. Humo ndimo ilimotoka aina inayoitwa Namikonga kusini mwa Tanzania na Kaleso katika pwani ya Kenya. Mbegu nyingine zilifika Ibadan, Nigeria, katika miaka ya 1950, zikawa chimbuko la aina kinzani zilizosambazwa sehemu nyingi za Afrika.

3. Ushahidi wa vinasaba

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta vipande vikubwa vya mti wa mpira katika kromosomu ya 1 na ya 4 ya muhogo wa Afrika. Mimea mingi yenye vipande hivyo hubeba kipande upande mmoja tu wa jozi ya kromosomu. Yenye kipande pande zote mbili ni michache. Huenda maana yake ni kwamba vipande hivyo vina faida, na pia vina gharama.

4. Adui naye huchanganya

Batobato kali iliyoanzia Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuenea Kanda ya Ziwa ilihusishwa na kirusi kilichozaliwa kwa kuungana kwa virusi vya aina mbili. Kwa hiyo ukinzani wa leo hauna dhamana ya kesho.

5. Mapendekezo

(a) Mche wa muhogo uliojiotea kwa mbegu ni mchanganyiko mpya. Using'olewe wakati wa palizi, bali uachwe, uwekewe alama na kuangaliwa hadi mavuno kabla ya kukata pingili.

(b) Shamba liwe na aina kadhaa. Pingili zikatwe kwenye mashina yasiyo na dalili, na mizizi ipasuliwe kuangalia doa la kahawia, kwani majani huweza kuficha ugonjwa.

(c) Maafisa ugani waorodheshe miti ya kisamvu cha mpira iliyopo vijijini. Miti hiyo nayo huugua, hivyo isipandwe ndani ya shamba la muhogo, lakini isikatwe yote: watafiti wataihitaji tena kirusi kitakapobadilika.