Nyumba ndogo juu ya gunia
Maneno ya kikundi cha ushonaji kwenye mkutano wa wanachama

Komite ilituomba tueleze kazi tunafanyaka kila siku ya nne kisha soko, juu kuna wanachama waliosema makuta ya sanduku yanaenda kununua nyuzi wakati watu hawana mbegu ya maharagi. Swali ni la haki. Tutalijibu. Lakini mbele ya kujibu tuwaonyeshe kazi yenyewe, juu ni vigumu mtu kukata maneno ya kitu asichoshika mkononi.

Kinachopita sasa kati yenu ni pambo dogo, upana wake vidole vine. Ni nyumba: paa nyekundu, ukuta wa kahawia, mlango mmoja. Unaweza kuitundika juu ya kitanda, kwenye ufunguo, ao kwa mti wa Noeli kwa wale wanaoweka mti.

Kitambaa chake ni gunia la unga. Ndiyo, lile lile la kambini. Kule Bulengo, Rusayo na Kanyaruchinya gunia lilikuwa paa, likawa godoro juu ya mawe ya volkano, na mwezi wa pili 2025, kambi za kandokando ya Goma zilipoisha, likawa valisi ya kurudia nyumbani. Sasa liangalieni karibu. Limefumwa kwa kamba bapa zinazopitana, moja juu moja chini, kama mukeka. Kati ya kamba na kamba kuna katundu kadogo, na hapo ndipo sindano inapita. Ulaya wanauza kitambaa kigumu chenye matundu kwa kazi ya namna hii. Sisi tunacho, na hatukukilipia.

Si kila gunia linafaa. Liinue juu ya jua: ukiona nukta za mwangaza, ni zuri. Usipoona kitu, ujue limepakwa plastiki ndani, na sindano itakuumiza vidole bure. Lioshe, likauke, kisha ukate kipande kinachozidi pambo lako vidole viwili kila upande. Kingo zinafumuka upesi sana, kwa hiyo zipitishe mbali kidogo na mwali wa mshumaa zishikamane. Mbali kidogo, wamama! Plastiki ikiyeyuka inabandika ngozi. Watoto wasifanye hiyo.

Mchoro tunauandika kwanza katika kaye ya hesabu, ile yenye vyumba vidogo. Kachumba kamoja ni mshono mmoja. Ukihesabu vyumba thelathini, juu ya gunia inakuja kama sentimita saba ao nane, kufuatana na gunia lilivyofumwa. Hapa hata mtu asiyesoma anafanya kazi sawa na mwalimu, juu hakuna herufi, kuna kuhesabu tu. Mama mmoja kati yetu anahesabu kwa punje za maharagi. Hajapotea hata mara moja.

Uzi ni ule wa triko. Ukiwa mnene, ugawanye mara mbili. Ukate kutoka ncha za vidole mpaka kiko cha mkono, usizidishe: uzi mrefu unajifunga na kuchakaa mbele haujaisha. Usifunge fundo. Acha mkia mfupi nyuma ya kitambaa, mishono ya kwanza iukalie. Halafu sindano itoke chini upande wa kushoto, iingie juu upande wa kuume, ikivuka mahali kamba mbili zinapopitana. Ukifika mwisho wa mstari, rudi ukivuka upande mwingine, kila mshono uwe msalaba. Wengine wanaacha nusu ya msalaba ili kupunguza uzi. Inapendeza pia, lakini mishono yote ikilala upande mmoja kitambaa nacho kinavutwa upande ule, na nyumba inasimama kama ya mlevi. Msalaba unavuta huku na huku. Na usikaze! Uzi ulale, usinyonge gunia. Karibu kila anayeanza anakaza, utafikiri anafunga mbuzi.

Anza katikati ya mchoro, si pembeni. Mlango tunaumaliza mwisho.

Kuhusu nyumba yenyewe kulikuwa mabishano. Mama mmoja alikataa kabisa. Alisema, «Yangu iliungua, ninyi mnataka niishone?» Akashona chungu. Hatukumlazimisha, na chungu chake kiko kizuri kupita nyumba zetu nyingi. Tangu siku ile kila mtu anachagua: kuna jibini ya Masisi, kuna ngazi za milima, na wa Walikale wanaleta majani ya mingazi.

Msidhani kazi hii ilikuja na wazungu. Wabeleji walifundisha ushonaji wao katika foyer sociaux, ile ya Usumbura, Bujumbura ya leo, ilianza 1946. Lakini kule Kasai, mbele yao, wanaume Wakuba walikuwa wakifuma raffia na wamama wakiipamba kwa sindano mpaka inakuwa laini kama mahameli, bila kuchora kwanza, mchoro uko kichwani. Nguo zile walizikwa nazo. Na wamama wa Palestina, wengi waliopoteza vijiji vyao 1948, wanashona msalaba huu huu, na zamani kwa kuangalia kanzu ungeweza kujua mtu ametoka upande gani. UNESCO iliandika kazi yao katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu 2021.

Sasa makuta. Hatutawadanganya: pambo moja linachukua siku tatu za kukaa, na bei yake haifiki siku moja ya kulima shamba la mwingine. Mwenye kutafuta faida alime. Lakini katika duara ile ndimo tuliposikia kwamba mjane mmoja analala kwa jirani juu shamba lake linalimwa na watu wengine. Komite ilikuwa haijasikia, na mikutano mitatu ilikuwa imepita. Alikuwa anakuja, anakaa nyuma, ananyamaza. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiangalia sindano, mtu anasema. Na wanaokaa pale si wa lugha moja, wala si wote waliokimbia: wengine walibaki. Mnajua maneno yanayopita kati ya aliyebaki na aliyerudi.

Kwa hiyo ombi letu ni hili. Makuta ya mbegu yasiguswe: mwezi wa tisa tunapanda, kila mtu anajua. Uzi tunauomba kama mkopo mwezi wa kwanza, kisha mavuno, na riba ile ile ya kila mwanachama. Tutaurudisha mbele ya siku ya kugawana. Tusipourudisha, mkate sehemu zetu.

Siku ya nne tunakaa nyuma ya soko, chini ya paa la mbao. Wababa pia wanaweza kuja, wawili wameshaanza na hawakazi kama tulivyofikiri. Sindano tunazo tisa. Mwenye gunia lisilo na plastiki ndani aje nalo, na kaye ya hesabu hata iwe imeandikwa upande mmoja.