Samaki wa Mtoni na Samaki wa Kituoni

Leo nawaombeni twende mbali kidogo, hata pwani ya magharibi ya Marekani, katika mito ya majimbo ya Washington na Oregon ambayo maji yake huishia katika Bahari ya Pasifiki.

Huko yuko samaki aitwaye stilihedi. Msimdhani mgeni kabisa. Wenzetu wakaao karibu na mito ya Mlima Kenya wanamjua ndugu yake, yule trauti wa rangi za upinde wa mvua aliyeletwa na Wazungu mwanzoni mwa karne ya 20. Ni samaki wa namna moja. Lakini trauti huyo hukaa mtoni maisha yake yote, na stilihedi huenda baharini akanenepa, kisha hurudi kutaga katika mto aliozaliwa. Akikaribia kwao, huijua njia kwa harufu ya maji.

Stilihedi wa mtoni hana haraka. Mara nyingi hukaa mtoni miaka miwili kabla ya kuteremka baharini. Akirudi, jike huchimba changarawe kwa mkia, hutaga, na dume akisha kuyarutubisha mayai, jike huyafunika. Wengi katika wale wanaopanda mto wakati wa baridi hutaga tangu Machi na kuendelea, mafuriko makubwa yakiwa yamekwisha kupita.

Basi, watu walipoona samaki wanapungua, walisema: tuwalee wenyewe. Walijenga vituo, wakakamua mayai, wakawalisha watoto. Nia ilikuwa njema. Lakini kulisha samaki miaka miwili ni gharama. Katika kituo cha Chambers Creek, karibu na mji wa Tacoma, tangu miaka ya 1940 walichaguliwa wazazi wanaotaga mapema, ili watoto wapate muda wa kukua na kuachiliwa baada ya mwaka mmoja tu. Waliendelea hivyo kizazi baada ya kizazi, hata ukoo ule ukawa wa kutaga Desemba hadi Februari.

Ninyi wakulima mtaelewa upesi, maana nanyi huchagua mbegu. Mbegu iliyozoea kumwagiwa maji bustanini, je, utaitupa porini ukategemea mavuno?

Samaki hawa wakitaga mtoni katikati ya baridi, mafuriko huweza kuyafukua mayai, na watoto huweza kutoka kabla chakula hakijawa tele. Wengine, baada ya kuachiliwa, hawaendi baharini kabisa. Hubaki mtoni wakigombea chakula na watoto wa wenyeji. Na waliochukuliwa kwa gari na kumwagwa mto mwingine, wakiisha kukua, hupotea njia zaidi, kwa kuwa hawakujifunza harufu ya kwao.

Katika Mto Hood, huko Oregon, wataalamu walichunguza urithi wa samaki waliopanda mto, wakajua kila mtoto ni wa wazazi gani. Mwaka 2007 walitangaza matokeo: kwa kila kizazi kilicholelewa kituoni, uwezo wa samaki wa kupata watoto mtoni ulipungua kwa karibu asilimia 40. Sikilizeni vizuri: kila kizazi! Na mwaka 2012 ikaonekana kwamba wale waliofanikiwa zaidi kituoni ndio ambao watoto wao walishindwa zaidi mtoni. Kwa hiyo wakioana na wenyeji, udhaifu huo waweza kuingia katika ukoo wa mtoni, na ukoo huo ukiisha haununuliki.

Vituo vingi vingaliko, maana wavuvi wanataka samaki, na vingine sasa hutumia wazazi waliokamatwa mtoni. Watoto wengi wa kituoni, kabla ya kuachiliwa, hukatwa lile pezi dogo lililo mgongoni karibu na mkia. Katika mito mingi ya huko, mvuvi akimvuta stilihedi, hutazama kwanza mahali hapo. Asipoliona pezi, anaweza kumpeleka nyumbani. Akiliona, humtoa ndoana polepole, na kumrudisha majini.